Muziki wa gemu jukwaani: tuutetee vipi kuwa ni klasiki, na tuupangeje kwa okestra ndogo na kwaya?

NotaNyeusi (mtoa mada)

Habari wakuu. Naomba majibu ya wanaoijua kazi hii kwa undani.

Kuna tamasha la dakika 90, na sehemu yote ya pili (dakika 45) imepangwa iwe muziki wa gemu. Ukumbi ni kanisa. Kamati inayotoa ukumbi inahoji kwa nini "muziki wa watoto wa PlayStation" upigwe siku moja na Handel na Mozart.

Tulichonacho: waimbaji 36 (sauti ya kwanza 12, ya pili 10, ya tatu 6, ya nne 8), fidla 4, viola 1, selo 2, fluti 2, klarineti 1, tarumbeta 2, kinanda cha umeme, ngoma na kayamba. Mazoezi ni mara mbili kwa wiki kwa wiki 10.

Maswali:

1. Ni hoja gani za kweli, zenye tarehe, zitakazoitosha kamati?
2. Vipande vya enzi za Nintendo ya kwanza vina sauti nne au tano tu. Vinahamishwaje kwenda kwenye ala halisi bila kusikika kama mlio wa simu?
3. "Baba Yetu" (wimbo wa gemu wa Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili) ni lazima iwepo. Kwaya ya Waswahili ijihadhari na nini?
4. Ruhusa za hakimiliki zinaombwa wapi?

Nawasilisha.

---

Kontrapunkti

Nijibu namba moja. Kamati haishindwi kwa maneno matamu, ipelekee tarehe na kumbi.

Agosti 1987, Tokyo: mtunzi Koichi Sugiyama alipandisha jukwaani muziki wa Dragon Quest ukipigwa na ala halisi, mwaka mmoja tu baada ya gemu ya kwanza kutoka. Sugiyama hakusubiri wengine wamwite mtunzi wa maana. Karibu kila gemu ya mfululizo ule aliitolea toleo la okestra, na okestra kama NHK Symphony na London Philharmonic zimeyarekodi.

Agosti 2003, Leipzig: tamasha la kwanza la okestra la muziki wa gemu nje ya Japani, ndani ya Gewandhaus, ukumbi mashuhuri wa muziki wa klasiki. Kwa kamati inayomjua Mozart, jina la ukumbi huo linajieleza lenyewe. Mei 2004, Los Angeles Philharmonic walipiga muziki wa Final Fantasy (mfululizo wa gemu za Kijapani) katika Walt Disney Concert Hall. 2013, London Symphony Orchestra walipiga "Final Symphony" pale Barbican, kisha wakairekodi Abbey Road. Ndani yake mna konsato ya piano iliyojengwa kwa muziki wa Final Fantasy X na simfoni ya sehemu tatu iliyotokana na Final Fantasy VII. Tarehe 1 Agosti 2022, BBC Proms, msimu wa kila mwaka wa matamasha ya klasiki London, waliupa muziki wa gemu usiku wake mzima ndani ya Royal Albert Hall, Royal Philharmonic wakiongozwa na Robert Ames.

Upande wa taasisi: 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliingiza wimbo mkuu wa Super Mario Bros. wa Koji Kondo katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa milele, ikiwa mara ya kwanza kwa muziki wa gemu. Mwaka huohuo Grammy walitoa kwa mara ya kwanza tuzo ya kundi lake la muziki wa gemu, akaichukua Stephanie Economou. Na tangu 2020 kuna jarida la kitaaluma la muziki na sauti za gemu linalochapishwa na University of California Press.

Halafu "Baba Yetu" yenyewe, maana ndiyo watakayoulizia. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kusema ilishinda "wimbo bora". Sivyo. Christopher Tin aliitunga kwa ajili ya gemu ya Civilization IV, 2005. Alipoirekodi upya katika albamu ya Calling All Dawns (2009) akiwa na Soweto Gospel Choir na Royal Philharmonic, ndipo Februari 2011 ikapata Grammy ya upangaji wa muziki unaosindikiza waimbaji, na albamu nzima ikapata nyingine upande wa klasiki iliyochanganyika na mitindo mingine. Ndiyo maana kuna pengo la miaka mitano na ushee kati ya gemu na tuzo: Grammy hutazama rekodi iliyotoka ndani ya kipindi chao, hawatazami gemu ilitoka lini. Andikeni hivyo kwenye programu ya kuchapwa, msije mkaumbuliwa na mtu mwenye simu mkononi.

Hoja ya mwisho kwa wazee wa kanisa: oratorio ya Handel wanayoipenda, Messiah, ilipigwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742, kwenye ukumbi wa muziki. Ilipofika London mwaka uliofuata kuna waliolalamika kwamba maneno matakatifu yanaimbwa kwenye jumba la michezo ya kuigiza. Leo hii ninyi mnalalamikiwa kinyume chake.

---

Dominanti7

Tarehe za Kontrapunkti ni sahihi, ila mkibaki nazo peke yake mtajibiwa kwa sentensi moja: "Okestra zinauza tiketi kwa vijana." Na si uongo. Nafasi ya tatu ya Final Fantasy kwenye orodha ya Classic FM (redio ya klasiki ya Uingereza) mwaka 2013 ilikuwa kura za wasikilizaji, na mashabiki walijipanga kupiga kura. Hiyo inathibitisha mapenzi. Uzito wa muziki ni jambo jingine, msiipeleke kamati.

Swali lenyewe nadhani limewekwa pabaya. "Klasiki" kwa maana finyu ni muziki wa Ulaya wa kati ya miaka ya 1750 na 1820 hivi. Kwa maana hiyo hata Tchaikovsky hayumo. Kwa maana ya mtaani ni muziki ulioandikwa kwa nota, unaopigwa na kusikilizwa kwa ajili yake wenyewe. Hapo ndipo muziki wa gemu una kazi ya kufanya, kwa sababu haukuandikwa usikilizwe hivyo. Uliandikwa uzunguke. Kipande cha sekunde 40 kinarudi mwanzo mpaka mchezaji avuke daraja, kwa hiyo mtunzi mzuri wa gemu hukwepa mwisho kwa makusudi: baa (kipimo cha mapigo) ya mwisho inaegemea nota ya tano ya skeli ili irudi nyumbani baa ya kwanza. Ukiupeleka jukwaani ulivyo, hauna pa kuishia. Makundi mengi huupiga mara mbili, yanapunguza sauti taratibu kama redio, watu wanapiga makofi ya heshima.

Tatizo hili si geni. Grieg aliandika muziki wa kusindikiza tamthilia ya Peer Gynt (1876), vipande zaidi ya ishirini, vingine vifupi visivyosimama bila waigizaji. Alichofanya baadaye ni kuchagua vinane, akavipanga upya katika misururu miwili ya vinne vinne, Opus 46 na Opus 55. Wengi wanaoijua "Asubuhi" hawajawahi kuiona tamthilia. Prokofiev alifanya vivyo hivyo: filamu ya Alexander Nevsky ni ya 1938, kantata (kazi ya kwaya na okestra) ni ya 1939.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: je, kipande kimetungwa upya kwa ajili ya jukwaa, au kimenakiliwa tu? Ile simfoni ya Final Fantasy VII inafaulu kwa sababu mada zinakuzwa, zinagongana, zinarudi zimebadilika. Mseto wa nyimbo kumi katika dakika nane haufaulu, hata ukipigwa na okestra ya Berlin.

Kwa dakika zenu 45 chagueni vipande sita vya dakika sita saba. Msilete ishirini.

---

ChipuNaKayamba

Namba mbili ni yangu. Itakuwa ndefu, chai karibu.

Jueni kwanza chipu inatoa nini. Nintendo ya kwanza ina chaneli tano: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele, na moja ya kupiga sampuli za ubora duni. Zile mbili za mraba zina ngazi 16 za ukubwa wa sauti na rangi nne za sauti, lakini rangi ya 25% na ya 75% sikio halizitofautishi, kwa hiyo hesabu ni tatu. Pembetatu haina kidhibiti cha ukubwa wa sauti kabisa, ipo au haipo. Ndiyo maana besi za gemu zile zinarukaruka kwa nota fupi: mtunzi alipata uhai kwa kukatakata, maana hakuwa na uwezo wa kupunguza.

Mgawo wa kawaida:

- Mraba wa kwanza: fluti au fidla.
- Mraba wa pili: klarineti au viola.
- Pembetatu: selo kwa kudonoa na vidole, msitumie upinde kwenye nota fupi.
- Kelele: kayamba. Milio mifupi ni mtikiso mmoja mkavu, mirefu ni kuzungusha.

Kosa la kwanza: kunakili kodi za uongo (kodi, yaani chord, ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja). Chaneli moja inapiga nota moja kwa wakati. Watunzi walipotaka kodi ya nota tatu walizizungusha haraka, kila nota fremu moja (picha moja ya skrini), yaani karibu 1/60 ya sekunde. Programu ya kubadilisha faili inaziandika kama nota halisi, unapata utitiri wa nota za 1/64 ambazo hakuna binadamu wa kuzipiga. Ile ni kodi! Iandike kodi. Fidla tatu zishike nota tatu, au kinanda kishike zote. Ukitaka ule mtetemo, andika tremolo.

Kosa la pili: kunakili mwangwi. Mara nyingi mraba wa pili hauna sauti yake. Unarudia wimbo wa kwanza kwa kuchelewa kidogo na kwa sauti ya chini, kwa sababu mashine haikuwa na mwangwi. Ninyi mko kanisani, ukuta wa mawe utafanya kazi hiyo bure. Futeni sauti hiyo yote na mahali pake mwandike sauti ya pili ya kweli. Mkiiacha, wimbo utasikika umelowa.

Kosa la tatu: mwendo. Gemu zinahesabu fremu, hazihesabu mapigo kwa dakika. Kwa fremu 60 kwa sekunde, nota ya 1/16 ikichukua fremu 6 mwendo ni 150. Fremu 7 ni 128.57. Fremu 8 ni 112.5. Fremu 9 ni 100. Ukiingiza faili kwenye MuseScore (programu ya kuandika nota) ukiwa umeweka 128 kamili badala ya 128.57, baada ya baa 40 hivi nota zitakuwa zimeteleza zaidi ya nusu ya robo-nota na kila kitu kitaandikwa kwa nota zilizofungwa ajabu. Weka mwendo sahihi wa fremu kwanza, ingiza, zisawazishe kwenye 1/16, kisha ndipo uzungushe kuwa 128 kwa ajili ya kondakta.

Kosa la nne: upeo wa ala. Mraba unashuka hadi karibu Hz 55, pembetatu oktavu nzima chini yake. Fidla inaishia sol ya Hz 196, viola do ya Hz 131, selo do ya Hz 65. Kila mstari ukaguliwe nota ya chini kabisa kabla ya kugawa. Upande wa fluti ni kinyume: do hadi sol ya oktavu yake ya kwanza ni dhaifu, itafunikwa na selo mbili tu. Mpandishe oktavu.

Na msisawazishe ala kwa kufuata rekodi ya gemu. Chipu hugawanya mapigo ya saa yake kwa namba nzima, kwa hiyo la ya Hz 440 inatoka karibu sawa (inazidi senti moja na nusu hivi; senti ni 1/100 ya nusu toni), lakini la ya oktavu mbili juu inashuka senti 12. Mchezaji wa fluti anayefanya mazoezi nyumbani na YouTube atajifunza kupiga chini juu kule, halafu mtamlaumu bure.

Mzunguko. Nakubaliana na Dominanti7. Chukua baa 16 za 4/4 kwa mwendo wa 120, ni sekunde 32. Mfano wa kuzikuza bila kuwa mtunzi:

Mzunguko wa 1: fluti moja na selo ya kudonoa, basi. Mzunguko wa 2: fidla zinachukua wimbo, klarineti inaingia na sauti mpya, kayamba kuanzia baa ya 9. Mzunguko wa 3: wimbo uleule kwa nota zenye urefu maradufu kwenye selo, zingine zote zinapiga madoido juu yake. Huo wa tatu unachukua sekunde 64, jumla dakika 2 na sekunde 8, na msikilizaji hajasikia kitu kilekile mara mbili. Kisha andikeni baa nne za kumalizia zinazofika nyumbani kweli. Msipandishe ufunguo kwa nusu toni mwishoni. Hiyo ni mbinu ya bendi ya harusi.

Super Nintendo ni hadithi nyingine: chaneli 8 za sampuli, lakini kumbukumbu yote ya sauti ni kilobaiti 64. Sampuli zinabanwa 16 kwa baiti 9, kwa hiyo hata ukiijaza yote kwa sauti ya kiwango cha juu unapata sekunde tatu na nusu hivi. Humohumo mwangwi nao unadai nafasi: kilobaiti 2 kwa kila milisekunde 16. Mtunzi alichagua ama mwangwi mzuri ama fidla nzuri. Kwa hiyo mkisikia tarumbeta ya ajabu kwenye gemu ya 1994, msiige ule mlio. Ulikuwa umaskini wa nafasi, haukuwa uamuzi wa kisanaa. Andikeni kile alichokuwa anakisikia kichwani.

---

Sauti_ya_Tatu

"Baba Yetu". Jambo ambalo kwaya za Ulaya haziwezi kulijua: hatari kwenu si matamshi, ni kumbukumbu.

Kila muumini ana Baba Yetu yake kichwani. Katoliki wanasema "mkate wetu wa kila siku" na "kishawishi". Waliokulia kwenye Biblia ya Union wanasema "riziki yetu" na "deni zetu". Maneno ya Tin kuna mahali yako kama ya Katoliki, "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", na kuna mahali yanageuka: "chakula chetu tunachohitaji", kisha "majaribu", kisha "yule mwovu". Kwa hiyo mwanzoni waimbaji wanaimba kwa raha, na ghafla kwenye "utupe leo" nusu ya kwaya inateleza kwenda kwenye mkate na nusu inabaki kwenye nota. Ni palepale, kila kwaya.

Dawa: wiki mbili za kwanza msiimbe sehemu hiyo. Isomeni kwa mdundo tu, bila sauti za nota, mara kumi kila zoezi, kuanzia "utupe leo" hadi mwisho. Na msigawe karatasi za maneno tupu. Maneno yawe chini ya nota, jicho lilazimike kuyafuata.

La pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: u-LI-ye, mbi-NGU-ni, li-tu-KU-zwe. Panapo nota ndefu juu ya silabi isiyo na mkazo, mwimbaji Mswahili hupigana nayo na mwendo unazorota. Msipigane. Nota irefuke, ila uzito wa pumzi uwe kwenye silabi sahihi. Hapo ndipo kwaya yenu itaishinda rekodi yoyote ya kwaya ya kigeni, ambayo mara nyingi inaimba "u-mbinguni" kwa silabi nne.

Uwiano wenu: sauti ya tatu 6 ni wachache mbele ya sauti ya kwanza 12. Hamisha waimbaji wawili wa sauti ya pili wenye sauti nzito waende kuisaidia sauti ya tatu kwenye vifungu vya chini. Tarumbeta zikae kimya wakati kiongozi anaimba, haijalishi nota zinasema nini.

---

NotaNyeusi (mtoa mada)

Shukrani sana wakuu. ChipuNaKayamba, mambo mawili. Fidla zangu nne nizigawe mbili kwa mbili? Na ukisema kelele iende kwenye kayamba, kuna vipande ambavyo kelele ndiyo ngoma yote, kick na snare pamoja. Kayamba itatosha?

---

ChipuNaKayamba

Usigawe mbili kwa mbili. Fidla mbili kwenye mstari mmoja ndiyo hali mbaya kuliko zote: tofauti ndogo ya usawa inasikika kama mawimbi, kila mtu kanisani ataisikia. Tatu zinafunikana. Kwa hiyo tatu na moja, au nne pamoja, au kila mmoja mstari wake. Mbili tumia pale tu wanapopiga oktavu.

Kuhusu kelele uko sahihi, nilirahisisha mno. Sikiliza urefu na unene. Kelele nene fupi ni kick, ipeleke kwenye ngoma kubwa kwa kiganja. Kelele kali katikati ya baa ni snare, hiyo ni ukingo wa ngoma ndogo au fimbo. Kelele nyembamba za mfululizo ndizo kayamba. Na angalia pembetatu: watunzi wengi waliishusha ghafla kwa fremu chache ili ipige kama tom. Programu itaiandika kama nota tatu za besi zinazoporomoka. Ukimpa selo azipige atasikika kama anateleza kwenye ngazi. Ni ngoma, irudishe kwenye ngoma.

Klarineti na tarumbeta: kama ni za B-flat ziandikwe toni moja juu. MuseScore ina kitufe cha kuonyesha sauti halisi. Kizimeni kabla ya kuchapa nota zao. Hili huharibu zoezi la kwanza la makundi mengi kuliko kitu kingine chochote.

---

HakiNaNota

Namba nne. Kuna ruhusa tatu na watu huzichanganya.

Ya kwanza, kupiga hadharani. Tanzania anzieni COSOTA (ofisi ya hakimiliki), muulize leseni inatolewa na nani kwa sasa, na mtaje kila kipande, mtunzi, mchapishaji, idadi ya viti na kama kuna kiingilio. Kenya ulizeni KECOBO (bodi ya hakimiliki) kwanza chama kipi kina leseni ya kukusanya mirabaha kwa wakati huo, msilipe chama kabla ya kuuliza.

Ya pili, kupanga upya. Hii COSOTA haitoi. Kubadilisha kipande cha Super Mario kuwa cha fluti na selo ni kutengeneza kazi mpya kutokana na kazi ya mtu, na ruhusa inatoka kwa mwenye muziki, ambaye mara nyingi ni kampuni ya gemu na si mtunzi. Andikeni barua pepe mapema, miezi mitatu si mingi. Semeni: kipande kipi, ala zipi, dakika ngapi, tarehe, ukumbi, watu wangapi, kiingilio kiasi gani, na kwamba nota hazitauzwa. Msipojibiwa, kimya si ruhusa. Kwa hiyo andaeni kipande cha akiba chenye nota zilizochapishwa rasmi.

"Baba Yetu" haina shida hiyo, ya kwaya ya sauti nne ipo imechapishwa na inauzwa. Nunueni nakala kwa idadi ya waimbaji, 36 pamoja na ya mpiga kinanda na ya kondakta. Kununua moja na kutoa fotokopi 37 ni wizi hata kama ni kwaya ya kanisa. Nota za okestra nzima kwa kazi kubwa kama hizi mara nyingi hukodishwa kwa kila onyesho, na hurudishwa zikiwa zimefutwa alama za penseli.

Ya tatu, video. Leseni ya kupiga ukumbini haihusu kuweka kwenye YouTube. Mkirusha bila ruhusa, bora mjue mapato ya video yanaweza kwenda kwa mwenye haki, au video ikazuiwa.

---

Kontrapunkti

Niongeze moja kwa sababu mna kwaya. Final Fantasy VI (1994) ina onyesho la opera ndani ya gemu, wahusika wanaimba jukwaani. Chipu haikuwa na nafasi ya kushika uimbaji halisi wa binadamu, kwa hiyo mtunzi Nobuo Uematsu aliandika mistari ya uimbaji kwa mlio wa chipu unaoiga sauti na maneno yakaandikwa kwenye skrini. Baadaye okestra ziliipiga na waimbaji halisi. Kwa kamati inayosema gemu ni makelele, hicho ndicho kipande cha kuwaonyesha: mtunzi alitunga opera kwa mashine isiyoweza kuimba. Ila inahitaji waimbaji wa pekee wenye mafunzo, wakiwemo soprano na tenor. Kama hamna, msiiguse.

---

Dominanti7

Hapo tumekubaliana kwa mara ya kwanza.

---

Sauti_ya_Tatu

Mtoa mada, kabla hujafunga mada: angalia "Baba Yetu" unaiweka wapi kwenye programu. London ni wimbo wa kufungia tamasha, watu wanapiga makofi. Kwenu ni Sala ya Bwana, kwa Kiswahili, ndani ya kanisa. Baadhi ya watu watasimama, wengine wataifuata kwa midomo kwa maneno ya kwao, na wimbo una "amina" katikati, siyo mwishoni tu. Wakiitikia pale, kondakta asipojua atadhani kwaya imepotea. Mshereheshaji atangaze mapema kama watu wakae au wasimame, na tarumbeta ziwe zimeshaelekezwa ziingie kwa kumtazama kondakta, siyo kwa kusikia amina.